Punje Mbili za Mchele

Kila Alhamisi, kabla sijawasha,
naukata utambi kwa mkasi wa kucha:
urefu wa punje mbili za mchele, usizidi.
Mrefu hutoa masizi,
na kioo kikapiga weusi kama chungu cha maharage.
Mikono yangu imezoea kukata.
Wiki nzima nakata vitovu vya watoto wa watu
wodini, Mabanga,
na wiki nzima nanuka javeli.

Mshumaa aliniletea mama mmoja wa Himbi
aliyejifungua mapacha usiku kura imekatika,
mimi nimeuma simu kwa meno,
tochi yake ikitazama ninakotazama.
Kwenye karatasi pameandikwa lavanda.
Lavanda sijawahi kuiona ikiota.
Puani mwangu ni kitu kati ya mkaratusi
na kabati la bibi yangu kule Lubero,
alimokunja vitenge asivyovaa hata kimoja.

Mara ya kwanza usiwe na haraka.
Acha nta iyeyuke yote mpaka ukingoni,
la sivyo itachimba shimo katikati
na kila ukiwasha itarudi shimoni humohumo.
Nta haisahau.
Nilikaa saa mbili nikiilinda kama maziwa jikoni,
dirisha nimelifunga, maana upepo wa ziwani
hauna adabu na moto wa mtu.

Maji ya bomba hutoka Jumanne, yakipenda.
Leo nimenunua bidoni mbili,
moja nikaipandisha kwenye makala,
nikachanganya katika beseni, nikapima kwa kiwiko
kama ninavyowapimia wachanga.
Chumvi ya kuogea, ile ya dukani, bei yake ni ya harusi.
Yangu natengeneza: chumvi ya mawe,
mchaichai niliouanika juu ya bati,
matone matatu ya mkaratusi. Si manne.
La nne linawasha pale usipotaka.
Nimeiweka kwenye chupa ya mayonezi, kifuniko kikavu,
kwani hewa yetu huiliza chumvi.

Kisigino nasugua kwa jiwe la uani.
Dada yangu Masika anasema Ulaya linauzwa,
limefungwa utepe.
Hapa lilikuja lenyewe, likitembea, jekundu,
likameza nyumba ya Baba Paluku
pamoja na mlango alioupaka rangi wiki ileile.
Lilipopoa tukajenga juu yake.
Mimi nalisugulia mguu.
Sijui kama ndiko kusamehe.

Nimetumbukiza mguu mmoja, kura ikaondoka.
Mlango ukagongwa.
“Mama Kahindo, ile buji yako ya harufu…”
Ni Kambere wa jirani, na daftari la hesabu,
kugawanya kwa tarakimu mbili, ya kesho asubuhi.

Nikapiga hesabu yangu na mimi:
saa moja ya moto ni unene wa ukucha.
Nikajifunga kitenge, nikampa.
Nikamwambia: usiusogeze nta ikiwa maji,
pazia liwe mbali,
ukimaliza usipulize, funika na kisahani,
moto ufe bila moshi.
Akasema ndiyo, ndiyo, huku ananusa.

Nikaoga gizani. Maji yalikuwa bado ya moto.
Kupitia ukuta wa mbao nilimsikia
akimtia kumi na saba ndani ya mia nne na nane,
akikosea, akifuta, akipuliza daftari,
akikosea tena kwa sauti ya juu zaidi.

Ijumaa alirudi anacheka.
Mwalimu aliliinua daftari, akalisogeza puani,
akauliza darasa zima nani kajipaka.
Nane juu ya kumi.

Nami nimekuta ndani ya nta
vipande vya ufutio, vidogo kama chawa.
Nimevitoa kimoja kimoja kwa kibanio cha nyusi.
Vingine vimezama.
Vitaungua nami Alhamisi ijayo,
na huenda vikanuka.